Madam Hakuja Kilioni

Kwa Madam hukuruhusiwa kuandika sentensi ya uongo. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria yake ya kwanza, na nadhani ya pekee, maana kuchelewa alisamehe, viatu vya matope alisamehe, hata kusinzia kipindi cha saa nane mchana, ukungu ukiwa umeziba madirisha, alisamehe. Ila ukimwandikia kwamba John amekwenda sokoni, atauliza huyo John ni nani, anakaa mtaa gani, na huko sokoni alinunua nini. Usipojua, sifuri. Darasani tulikuwa arobaini na kitu, na kila mmoja alikuwa na sifuri zake za John.

Alitufundisha Kiingereza miaka minne katika sekondari moja ya hapa Njombe, kisha akawa jirani yangu Mjimwema kwa miaka ishirini na ushee. Jina analo, lakini mimi sijawahi kulitamka. Alikuwa Madam nikiwa na miaka kumi na tano, akaendelea kuwa Madam nikiwa na mvi. Alikozaliwa sitaeleza kwa sababu sikufuatilia. Watu walisema ni Mkinga wa Makete, na kweli Kibena chake kilikuwa na kona ambazo si za hapa. Alitusalimia "Kamwene" kama sisi, lakini ukisikia mlangoni ulijua ni yeye kabla hujainua macho.

Alichokipenda kuliko vyote ni vile vitenzi vya Kiingereza vinavyotembea na mkia: neno moja la kawaida, na nyuma yake kineno kidogo kinachobadilisha kila kitu. Aliviita hivyo, vitenzi vyenye mkia, na sisi tukaviita hivyo mpaka kwenye chumba cha mtihani. Kila wiki kilikuwa kimoja. Wiki ninayoikumbuka ni ya "turn up".

Alisema kina kazi nne. Kupandisha sauti ya redio. Kukunja pindo la suruali iliyo ndefu, jambo ambalo wengi wetu tulilielewa haraka, maana sare tulinunuliwa kubwa ili zidumu. Kitu kilichopotea kuonekana chenyewe. Na ya nne, mtu kufika mahali. Hiyo ya nne aliikalia kipindi kizima. Alisema "come" ni kuja tu, hata mbuzi anakuja. "Turn up" husemwa pale ambapo watu hawakuwa na uhakika kama mtu atafika; shaka imo ndani ya neno lenyewe.

"Bibi harusi hatusemi hivyo kwenye harusi yake," alisema, "labda kama wageni wameshaanza kutazamana."

Tukacheka. Akaongeza kwamba maana hiyo haibebi mtu mbele yake: huwezi ku-turn up mtu, unafika tu, basi. Ukitaja mahali unaweka "at", ukitaja shughuli unaweka "for". Tukaandika. Hilo nalijua mpaka leo, kuliko ninavyojua mambo mengi yenye faida.

Kazi ya nyumbani ilikuwa kuleta sentensi moja ya kweli. Mimi niliandika kwamba mbuzi wa baba mdogo alipotea, akaonekana kwa jirani. Madam akauliza kama alionekana akiwa hai. Nikasema alionekana akiwa mchuzi. Akanipa tisa juu ya kumi; moja aliikata kwa sababu nilisahau nukta.

Alikuwepo msichana mmoja wa Lupingu, kule ziwani. Yeye aliandika kwamba boti la baba yake lilionekana baada ya siku mbili. Madam akamwuliza waliondoka wangapi. Watano. Na walioonekana? Msichana akasema boti lilionekana. Tulidhani Madam atasema pole, au atalia, au angalau atatutoa nje. Aliisoma ile sentensi tena taratibu, akaandika kumi juu ya kumi, akageukia ubao. Wengi tulisema ana roho ya jiwe. Lakini jioni ile na jioni nyingi zilizofuata alikuwa amekaa na yule msichana kwenye ngazi za bweni, hawaongei, Madam anafuma sweta.

Kufuma ndiyo ilikuwa sigara yake. Alifuma kwenye vikao vya walimu, alifuma akisubiri maji ya chai yachemke, na inasemekana alifuma mbele ya mkaguzi wa shule mpaka mkaguzi akasahau alichotaka kuuliza. Masweta yake yalikuwa mabaya. Mikono haikulingana, shingo ilibana. Nusu ya watoto wa Mjimwema wamekua ndani ya masweta hayo, na ukimkuta mtoto mwenye sweta la mkono mmoja unaofunika vidole na mwingine unaoishia kwenye kiwiko, hukuuliza limetoka kwa nani.

Alikuwa mkali kwa maneno na mlegevu kwa mambo mengine yote. Yeye aliyetufokea kwa nukta, kanisani alifika neno la Mungu limeshasomwa, akakaa benchi la mwisho karibu na mlango, akaondoka kabla ya matangazo. Aliwahi kumwandikia mchungaji karatasi kumwonyesha makosa matatu kwenye bango la Kiingereza la usharika. Mchungaji akarekebisha mawili na kuliacha la tatu, ili, kama alivyosema, Madam asije akavimba kichwa. Walipotaka kumfanya mkuu wa shule alikataa. Alisema mkuu wa shule kazi yake ni kupokea wageni na kuzika walimu, na yeye kote kuwili hafai.

Watu walidhani ni utani. Haukuwa utani.

Mtaa wetu una kikundi cha kuzikana, kama mitaa mingi ya huku. Mtu akifariki, vijana wa mtaa wanachimba kaburi, akina mama wanapika, wanaume wanakaa na wafiwa chini ya turubai mpaka siku ya kuanua tanga. Baada ya mazishi, kabla watu hawajatawanyika, katibu anasoma majina. Aliyepo anaitika na kuwekewa alama ya vema. Asiyekuwepo bila udhuru anawekewa kosa. Makosa matatu mfululizo, mtaa haukuchimbii. Katibu ni mimi, huu mwaka wa kumi na sita.

Madam hakuja kilioni. Si kwamba alikuja akachelewa, au alikuja akaondoka mapema kama kanisani. Hakuja kabisa. Gunia lake la viazi lilifika, tena asubuhi na mapema, likisukumwa kwenye toroli, na viazi vilikuwa vizuri. Mwenyewe hakufika. Na hakutoa udhuru, ingawa udhuru ni kitu rahisi. Mtu anasema tumbo linauma, katibu anaandika tumbo, maisha yanaendelea. Nadhani hakuweza kusema tumbo linauma wakati haliumi. Hata kwenye daftari nimemwandika Madam, na mbele ya Madam kuna makosa yaliyopangana vizuri tu. Kwa kuwa kwake hakuna aliyekuwa amefariki, yalikaa pale bila kumdhuru mtu.

Kitu kingine alichokuwa nacho ni Alhamisi. Kila Alhamisi mchana, tangu nikiwa mwanafunzi mpaka alipostaafu na baada ya hapo, alikwenda hospitali. Alivaa koti la kijivu na mabuti ya mvua, mkononi chupa ya chai isiyo na sukari na mfuko wa sufu. Aliuliza muuguzi nani hajapata mgeni wiki hiyo, akaenda kukaa hapo. Kama kulikuwa na mtu wa mtaani, alianza na wa mtaani. Hakuomba kwa sauti, hakushauri dawa, hakusema Mungu atajalia. Alikaa. Mtaani walikuwa na msemo wao: ukiumwa Madam atakuja, ukifa usimtegemee.

Siku moja alikuja dukani kwangu kununua mbegu za kabichi, nikamchokoza.

"Madam, mbona vilioni hatukuoni?"

"Nikija nimsalimie nani?"

"Wafiwa."

"Wafiwa nimeshawasalimia. Niliwasalimia wodini, kabla hawajawa wafiwa."

"Na marehemu je?"

"Marehemu hana shida na mimi," alisema. "Nipe na hiyo dawa ya viwavi."

Nikamfungia dawa ya viwavi. Niliona ni kiburi cha wasomi. Huku kwetu mtu akikwepa vilio, watu wana maelezo mawili tu, uchawi au dharau, na kwa kuwa alikuwa mwalimu wetu tukamchagulia dharau.

Sasa mke wangu. Aliugua saratani. Walimpeleka Dar es Salaam, wakamrudisha, wakasema akae karibu na kwao. Akalazwa hapa mjini wiki tisa. Upendo, binti yetu wa pekee, alikuwa bweni akijiandaa na mtihani wa kidato cha sita, na mama yake alikataa katakata asiitwe. Aliyekaa naye wodini ni shemeji yangu, mdogo wake. Mimi nilipita asubuhi na chupa ya uji, nikamkabidhi shemeji pale getini, nikaenda kufungua duka. Nauza pembejeo, na ulikuwa msimu wa kupanda. Mkulima anataka mbegu leo, ya kesho haitaki. Tena katika zile wiki tisa tulizika watu wanne mtaani. Sikukosa hata mmoja, na watu walinisifu, wakasema tazameni katibu, pamoja na matatizo yake.

Niseme lilivyokuwa. Kilioni najua pa kukaa. Najua turubai lielekee wapi, nani atangulie kutupa udongo, lini watu wanyamaze na lini waanze wimbo. Wodini sikujua nikae vipi. Niliingia mara chache, nikasimama miguuni pa kitanda, nikamwuliza kama amekula. Akasema amekula. Kisha tukatazama ukuta, ambao ulikuwa na kalenda ya mwaka uliopita. Nikitoka nje sikusikia chochote, si huzuni wala nafuu, ila vidole vya miguu vilikuwa vya baridi ndani ya viatu.

Alhamisi mchana Madam alimwambia shemeji aende nyumbani akaoge na kulala. Yeye akabaki na mke wangu mpaka jioni. Wiki tisa, Alhamisi tisa. Shemeji aliniambia baadaye, bila kulaumu, kwamba yeye alikuwa wa kugeuza na kulisha tu. "Mambo yake ya moyoni alikuwa anamngojea Madam," alisema. "Akishaondoka, dada analala usingizi."

Mke wangu alifariki Jumatatu, tukamzika Jumatano. Mwenyekiti wa kikundi, mzee mmoja muuza mbao ambaye hajawahi kuchelewa mahali, alisema katibu ni mfiwa, apumzike, majina atasoma mwingine. Nikasema nitasoma mwenyewe. Nilifika kwenye jina la Madam, nikaita mara moja. Nikaita mara ya pili. Watu wakatazama chini. Viazi vyake vilikuwa vimeshaliwa. Nikaweka kosa. Mkono haukutetemeka na mistari yote miwili ilinyooka, na nakumbuka nilifurahi kidogo kwamba imenyooka.

Baada ya wiki Madam alikuja dukani. Hakusema pole. Alisimama upande wa pili wa mizani akiwa na lile koti lake.

"Baba Upendo," alisema, "mama Upendo ameniachia maneno. Mengine ya binti, mengine yako. Ukiwa tayari, njoo nyumbani."

"Nitakuja, Madam."

"Njoo kabla sijasahau. Mimi ni mzee."

Kutoka mlangoni kwangu hadi kwake ni nyumba nne. Sikwenda. Wiki ile sikwenda kwa sababu ya duka, wiki iliyofuata kwa sababu ya wiki iliyotangulia. Moyoni nilisema mtu ambaye hakumzika mke wangu hawezi kuniletea maneno yake. Nilijisikia nina haki, na haki hiyo niliitumia mwaka mzima.

Mwaka uliofuata mumewe akaugua. Alikuwa mfanyakazi wa reli mstaafu, mtu mpole aliyependa kukaa uani na kusikiliza treni ambazo Njombe hazipo. Aliumwa miezi mitano nyumbani, kitandani. Nasema tulijua, kwa sababu mtaani hakuna asiyejua. Lakini kikundi chetu hakina safu ya kumtazama mgonjwa. Daftari lina safu ya mazishi tu. Tulimngojea afe ili tuanze kazi.

Alipofariki, Mwenyekiti aliita kikao kwenye kiwanda chake cha mbao. Tulikuwa saba.

"Katibu, daftari unalo?"

"Ninalo."

"Madam ana makosa mangapi mwaka huu?"

"Sita."

"Mfululizo?"

"Mfululizo."

"Kuna udhuru wowote uliouandika?"

Nafasi yangu ilikuwa pale. Ningeweza kusema kwamba aliniomba ruhusa ya mdomo, na hakuna ambaye angeuliza zaidi. Wote saba tulikuwa wanafunzi wake au wazazi wa wanafunzi wake, na wote tulitaka mtu mmoja aseme neno. Walinitazama mimi kwa sababu neno lilikuwa langu.

"Hakuna," nikasema.

Mwenyekiti akakung'uta vumbi la mbao kwenye magoti. "Basi tusimwonee na tusimpendelee," alisema. "Sheria ni ya wote."

Kaburi halikuchimbwa Mjimwema. Ndugu wa marehemu walikuja na gari, wakamchukua mzee wao mpaka Kitandililo, kule Makambako, ambako alikuwa na shamba tangu enzi za reli. Waliomzika ni majirani wa huko, watu waliomwona Madam labda mara mbili maishani. Mimi nilikaa dukani. Niliuza mifuko ya mbolea, nikafagia, nikafunga. Jioni niligundua kwamba hayo ndiyo yalikuwa mazishi ya kwanza ya mtu wa mtaa wetu ambayo katibu hakuhudhuria, na sikujua niandike nini, kwa hiyo sikuandika.

Madam hakurudi kukaa Mjimwema. Alikuja siku moja na lori, akapakia vitu, akafunga nyumba, akaondoka bila kumlaumu mtu. Aligawa sufu yote kwa watoto. Watu walisema ameyataka mwenyewe. Wengine walisema kimya kimya kwamba siku hizi wodini hakuna anayekuja, lakini hilo si jambo la kuweka kwenye ajenda.

Nimeulizwa kama nilijuta. Sikujuta, kwa sababu kujuta ni kusikia kitu. Miaka ile nilikuwa kama mdomo baada ya sindano ya daktari wa meno, unajigonga mdomo na unajua ni mdomo wako, basi. Nilisoma majina, nikauza mbegu, nikamlipia mtoto chuo. Watu wakasema katibu amepoa vizuri.

Aliyenitikisa ni Upendo. Mwaka huu amechumbiwa, na siku shangazi zake walipokuja kupanga tarehe ya kumuaga, alinifuata jikoni.

"Baba, shangazi wanasema siku ile lazima wasome maneno ya mama. Kila bibi harusi anakuwa na maneno ya mama yake. Mama alisema nini?"

"Lini?"

"Alipokuwa anaumwa. Mimi sikuwepo, mlinikataza. Wewe ulikuwepo. Aliacha neno gani juu yangu?"

Nilichukua sufuria safi nikaanza kuisugua. Mtoto aliniangalia nikisugua. Kisha akasema taratibu, "Hata moja, baba?" na hapo niliona aibu, aibu ya moto, kitu cha kwanza kukisikia sawasawa kwa miaka mingi. Nikamwambia neno lipo, ila lipo Makambako.

Nilikwenda Jumamosi. Kutoka kwetu mpaka Makambako unashuka, na baridi inabaki nyuma. Kule ni upepo tu na malori. Kitandililo nikauliza nyumba ya Madam. Mwanamke mmoja akauliza Madam yupi, nikasema yule anayefuma, akanionyesha.

Alikuwa uani, amekaa kwenye kigoda, anapukuchua maharage kwenye ungo. Amepungua sana. Koti la kijivu lilikuwa limening'inia kwenye kamba, huku halihitajiki. Aliniona tangu getini na hakusimama.

"Kamwene, Madam."

"Kamwene. Nani anaumwa?"

"Hakuna anayeumwa."

"Basi kaa."

Nikakaa kwenye tofali. Nilikuwa nimeleta mfuko wa maparachichi, nikauweka kati yetu. Hakuutazama. Tuliongea mvua, bei ya mbolea, barabara. Kisha nikaona kwamba nisiposema mwenyewe tutakaa na mvua mpaka gari la kurudi.

"Madam, kwenye ule msiba wa mzee, mimi ndiye niliyesoma daftari."

"Najua. Ulisoma sawasawa?"

"Nilisoma sawasawa. Makosa sita."

"Ni kweli yalikuwa sita. Nilihesabu na mimi." Akapuliza maganda. "Kaburi halikuniuma, mwanangu. Kuchimba hata wa Kitandililo wanajua. Kilichoniuma ni ile miezi mitano. Mzee wangu alikuwa anageuza kichwa kila geti likilia. Alidhani ni ninyi. Watu niliowafundisha, na masweta yangu wameyavaa. Liliniuma sana hilo, na bado linaniuma, sitakudanganya."

Nilisema nisamehe, Madam. Alisema amesikia. Hakusema amesamehe, na mimi sikudai.

Ndipo nikamweleza habari ya Upendo, uchumba, shangazi na maneno ya mama. Alipoanza kuzungumza niligundua kwamba hakuwa amesahau chochote. Nilitoa kalamu, kwa mazoea ya ukatibu, nikaandika nyuma ya risiti ya mbolea kila alichosema, naye alisubiri nimalize mstari kama alivyokuwa akisubiri darasani.

Alisema: cherehani ni ya Upendo, isiuzwe wala isiazimwe. Upendo asishone gauni la kuagwa lenye mikono mirefu, mikono yake ni mizuri na ameirithi kwa bibi yake. Asiache kazi kwa sababu ya mwanamume, na asimwache mwanamume kwa sababu ya mama mkwe. Ana hasira za baba yake, zile za kunyamaza. Mumewe aambiwe mapema, asije akadhani ndani ya nyumba kuna amani kumbe mtu amekasirika tangu Jumanne. Na kwamba siku aliyozaliwa mvua ilinyesha mawe mpaka bati likatoboka, na mama yake alicheka badala ya kulia, na mtoto akija kuwa na siku ngumu akumbushwe kwamba alipokelewa kwa kicheko.

Hapo kalamu ilisimama. Mistari iliyonyooka makaburini, juu ya risiti ilikuwa imepinda. Madam aliangalia pembeni, akaniacha, akaendelea na maharage.

"Ya binti ndiyo hayo," alisema nilipotulia.

"Ulisema mengine ni yangu."

"Nilisema."

"Alisema nini?"

Alikusanya maharage katikati ya ungo, akayatandaza, akayakusanya tena. Gari moja kubwa lilipita barabarani na tukalisubiri lipite lote.

"Hayakuwa mengi," alisema. "Kila nikikaa aliniuliza kama umeshafika."

"Nilikuwa naleta uji. Kila asubuhi, pale getini."

"Uji aliunywa. Hakuuliza habari ya uji."

Nilitazama ule mfuko wa maparachichi.

"Na wewe ulimjibu nini, Madam?"

"Nilimwambia uko njiani," alisema. "Kila Alhamisi, mpaka ile ya mwisho."